Mrija wa Jolijn

Grootduin, 9 Novemba

Kaka yangu mpendwa Siem,

Kabla hujasoma zaidi, itazame tena bahasha. Haina ukingo wa kijivu, ule wa barua za msiba. Nimeichagua nyeupe kabisa, na stempu nikaitafuta yenye ndege, ili mleta barua akikukabidhi usije ukakaa kitako kwenye theluji. Mama yu hai. Salamu nyingi zikufikie huko Norwei, na natumaini zitakukuta u mzima wa afya, vidole havijapasuka kwa maji ya chumvi, na hao samaki mnaowafuga wanazidi kunenepa. Mimi sijambo. Mgongo unaniuma kwa kusimama kutwa, lakini mtengeneza nywele asiyeumwa mgongo ni yule asiye na wateja.

Nina hasira nawe, na naitanguliza hapa juu ili isije ikachomoza katikati ya mambo mengine. Miaka mitatu, Siem! Kadi mbili za Krismasi zenye picha ya mlima, na chini yake "Heri, S." Hata jina lako hukulimaliza. Nikipiga simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Najua kwa nini uliondoka, maana nilikuwepo, lakini mimi sikukufukuza, na uliniachia kila kitu: Mama, nyumba, kaburi la mwanao Jolijn na midomo ya watu. Basi, nimeshasema. Sasa tuongee kama ndugu.

Mama ametimiza themanini na miwili. Moyo umechoka, miguu humvimba jioni, na daktari amempiga marufuku kupanda ngazi. Kitanda chake tumekishusha sebuleni, pale ilipokuwa sofa ya Baba, na sasa anauona mtaa mzima dirishani. Ukipita bila kumpungia mkono, ananipigia simu saluni kuniuliza huyo naye ana kiburi cha nini. Kopo la biskuti bado linafunguliwa mara moja tu kwa kila kikombe cha kahawa na kufungwa papo hapo. Hilo ugonjwa haujalibadilisha.

Mzee Kees, jirani, naye yupo na kikohozi chake alichopewa na matanuri ya kiwandani badala ya saa ya kustaafu, kama anavyosema mwenyewe. Kila asubuhi huegemea ua akamchokoza Mama. Wakati wa kiangazi nilimsikia akimwambia, "Guurtje, sugua pole pole hicho kizingiti, utakitoboa utokezee Australia." Mama akamjibu bila kuinua kichwa, "Na wewe ukizidi kukohoa hivyo utatapika kiwanda kizima, uje uniongezee kazi." Kees alicheka mpaka akalazimika kushika ua kwa mikono miwili.

Kiwanda kipo palepale. Yale matanuri ya kuokea makaa waliyoahidi kuyazima wameyasogezea tarehe, kisha wakaisogeza tena, na siku upepo ukitoka upande ule tunaanua nguo mbio. Lakini wakati wa masika halmashauri iliamua kupima hewa upya, safari hii kwa watu wake yenyewe. Mwisho wa Agosti akaja mama mmoja kijana na ngazi yake na sanduku la mirija, akipita nyua zilezile sita ulizopita wewe. Alipofika kwa Mama, kabla hajamaliza kuomba, Mama alikwishamfungulia lango.

Ile nguzo uliyoichimbia bado imesimama, na kile kijumba cha kuukinga mrija na mvua bado kipo juu yake, na jina la Jolijn ulilolipaka kwa rangi nyeupe linasomeka kama la jana. Yule mama wa halmashauri alikitikisa, akaona ni imara, akauliza kama angeweza kukitumia badala ya chake. Mama akamwambia, "Kitumie tu, mwanangu. Kimetunzwa." Nami nilikuwepo, na neno hilo halikunishtua hata kidogo.

Siem, sasa nitakurudisha mahali usipopapenda. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na sijadhani. Lakini nataka uyaone mambo hayo kutoka pale niliposimama mimi, maana kuna kitu ambacho sisi sote hatukukiona.

Jolijn alipokufa kwa ugonjwa wa damu, akiwa bado hajaota meno mapya ya mbele, uliwauliza madaktari kama ni moshi. Wakakuambia kwamba kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema. Mtu mwingine angelia, akaacha. Wewe ulikuwa mwalimu wa kemia, na neno "haijulikani" lilikukaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukawakusanya majirani, ukaagiza mirija, ukaitundika katika nyua sita. Nakumbuka ulivyomweleza Mama jikoni, umeushika wa kwanza kati ya vidole viwili: hauna mota, hauna waya, hautoi sauti, unaning'inia tu mdomo wazi na kupokea kile ambacho hewa inauletea, mwezi ukiisha unazibwa na kupelekwa maabara, huko wanausoma. Mama akauliza, "Haufanyi kitu chochote?" Ukamjibu, "Haufanyi kitu, Mama. Unangoja tu." Akasema, "Basi ni kama baba yenu siku ya Jumapili." Ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nilienda kulia chooni kwa kukusikia ukicheka.

Mama hakuwa upande wako, unajua. Kiwanda kilitulisha, alikuwa akisema, na mkono uliokulisha huuumi. Hata hivyo alikuruhusu kuchimba nguzo katikati ya vitanda vyake vya maua, jambo ambalo Baba mwenyewe asingethubutu. Kisha ikafika ile siku ya kuzaliwa kwa Jolijn, ya kwanza bila Jolijn, ukaja na kopo la rangi na brashi nyembamba, ukaandika jina lake kwenye kijumba. Mama alisimama mlangoni na kikombe chako cha kahawa mpaka kikapoa. Ulipoondoka aliniambia kwamba herufi ya j umeipinda vizuri.

Mpaka siku hiyo namba zilizokuwa zikirudi kutoka maabara hazikuwa nzuri, ila hazikutosha kumtikisa mtu. Baada ya hapo namba ya mrija wa Mama ikaruka. Mwezi wa kwanza maradufu, mwezi wa pili zaidi, na nyua nyingine tano zikabaki palepale. Ulikuja saluni na karatasi mkononi, nywele zimesimama, ukaniambia mbele ya wateja, "Trijnie, tumewashika!" Jioni ileile ukaisoma namba hiyo ukumbini, mkutanoni mbele ya mtaa na kiwanda, hukungoja maabara ieleze kuna nini hasa ndani. Ningekushika koti kama ningejua. Wataalamu wa kiwanda wakaomba mrija uchunguzwe kwa kila kilichomo, ukachunguzwa, na ndani yake ukakutwa mvuke wa mafuta mepesi ya jamii ya petroli, mengi mno kuwa yametoka hewani. Wakarudi ukumbini usiku mwingine, wakasema ni mkono wa mtu.

Uliyotendewa baada ya hapo unayajua kuliko mimi. Shule ikakupa likizo ambayo haikuwa na mwisho. Vipimo vya nyua zote sita vikafutwa, hata vya wale ambao mirija yao haikuwa na kasoro, na matanuri yakapata nafasi ya kupumua. Hukusikia yale niliyoyasikia mimi, kwa kuwa mtu akishainamisha kichwa kwenye beseni la saluni husahau kwamba anayemsugua ana masikio. Wenye huruma walisema, "Maskini, mtu akifiwa na mtoto akili huhama." Wasio na huruma walisema, "Kamwaga mwenyewe. Namba zilimkatalia, akazisaidia." Nilimwosha mmoja wao kwa maji ya moto kuliko ilivyostahili, na sijutii.

Kesho yake baada ya usiku huo wa pili wa ukumbini, ukaja kwa Mama. Nilikuwa naosha vikombe. Ulimuuliza polepole, "Mama, kuna mtu yeyote aliyeugusa ule mrija?" Akajibu papo hapo, "Hakuna. Nimeutunza mwenyewe, uko machoni pangu kutwa." Ukauliza tena, labda mtoto wa jirani, labda fundi. Akasema amekwishasema hakuna, na kwamba yeye si mtu wa kudanganya. Ukaweka kichwa mikononi. Kama hakuna aliyeugusa, amebaki nani? Nikauona uso wa Mama ukihesabu hivyo hivyo, na ukafika pale walipofika wengine. Ulipofika mlangoni akakuambia lile neno: "Ungeweza kudanganya kwa jina lako mwenyewe, Siem. Si kwa jina la mtoto." Ulivaa koti ukatoka. Kikombe kilikuwa mkononi na povu lilikuwa likinidondokea viatuni.

Tangu hapo hakulitaja jina lako. Siku alipotimiza themanini tulipanga viti duara kama kawaida, na Mzee Kees, akizunguka kumpongeza kila jamaa kwa mkono kama desturi, akaniambia, "Hongera kwa mama yenu, Trijnie. Na hongera kwa Siem huko aliko." Mama akasema, "Kahawa inapoa." Nilimchukia dakika ile, na najua naye alikuwa akijichukia, kwa kuwa keki yake hakuigusa.

Sasa nakuja kwenye kilichonifanya niandike.

Jumamosi moja mwezi Septemba, bibi harusi niliyekuwa nimsuke aliahirisha, nikafunga saluni mapema na kwenda kwa Mama kupitia lango la nyuma. Nikamkuta juu ya ngazi ya jikoni, ileile aliyokatazwa, ameegemea nguzo, aproni imefungwa kifuani. Chini kulikuwa na ndoo ya maji ya sabuni. Mkono wa kushoto alikuwa na ile chupa ya kahawia ya mafuta ya madoa. Unaikumbuka, ndiyo aliyokuwa akitolea grisi kwenye kola za Baba, harufu yake kama petroli, na kwa sisi wawili ndiyo harufu ya mikono ya Mama. Kijumba alikwisha kukifuta, kinang'aa. Mrija alikuwa ameutoa, ameushika kwenye kiganja, anaufuta kwa kitambaa kilicholowa mafuta hayo. Kisha akakisokota kitambaa ncha, akakitia mdomoni mwa mrija, akakizungusha taratibu, kama anavyofutwa mtoto pua. Na alikuwa akizungumza nao. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Haya, Jolijn wa bibi. Tumetakata."

Siem, nilifunga lango nyuma yangu nikamsogelea.

Nilimuuliza anafanya nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua, akasema, "Leo si Jumamosi?" Nikamsaidia kushuka, nikamketisha kwenye ngazi, nikamuuliza ameanza lini. Akanieleza bila kificho, tena kwa fahari kidogo. Kila Jumamosi huanza makaburini, alikuwa akitembea na sasa Kees humsukuma kwa kiti cha magurudumu. Huko hulisugua jiwe la Jolijn kwa sabuni na brashi. Akirudi, hukisafisha kijumba, kwa kuwa nacho kina jina lake. Ameanza siku ileile uliyopaka rangi. Kabla ya hapo kilikuwa mti na plastiki tu, hakikumhusu. "Ningeliachaje jina la mtoto likae kwenye uchafu, Trijnie? Watu wanapita, wanaona." Na mrija? Mrija hukaa ndani ya kijumba, akasema. Mtu hasafishi nyumba akaacha kilichomo. Ulipouondoa na kuhama, aliendelea kukifuta kijumba kitupu, majira ya baridi na ya joto, miaka yote mitatu, huku jina lako wewe halitamki.

Nikamuuliza, "Na mwaka ule wa Siem, Mama? Uliufuta?"

"Kila Jumamosi. Sikukosa hata moja."

Nikamkumbusha kwamba ulimuuliza, tena mara mbili. Akakunja uso, akasema uliuliza kama kuna aliyeugusa, yaani kuuharibu, kuuchezea. Hakuna aliyeuchezea. Yeye alikuwa akiutunza. Na alikuwa anasema kweli, Siem, ndiyo maana ulimwamini na mimi nikamwamini. Katika mtaa huu mwanamke hahesabu kusafisha. Muulize yeyote wa umri wake amefanya nini leo, atakuambia hajafanya kitu, na vidole bado vinanuka sabuni.

Aliniona nimebadilika rangi. Akauliza, "Nimevunja kitu?" Hapo ndipo nilipokuwa na njia mbili. Daktari alikwisha kuniambia nimwepushe na mshtuko. Ningeweza kusema hapana, nikaitia ile chupa mfukoni, nikakuandikia wewe kwa siri, naye akaenda kaburini bila kujua. Niliufikiria moyo wake. Kisha nikaufikiria wako, huko kwenye giza na samaki, mtu asiye na mtoto wala jina. Nikaona kwamba nikimficha, atakufa akiamini amezaa mwongo. Basi tukaingia ndani, nikatia kahawa, nikamwambia. Nilimwambia kama ninavyochana nywele zilizosokotana, kuanzia nchani, polepole, mpaka nikafika kwenye mzizi.

Hakulia mara moja. Aliomba nirudie vile maabara walivyosema. Nikarudia. Akavileta vidole vyake puani akavinusa, mkono mmoja, kisha wa pili. Halafu akasema, "Siem wangu." Miaka mitatu, na likamtoka laini, kama ambaye amelitaja asubuhi hiyohiyo. Akaniuliza alikuambia nini pale mlangoni. Nikajibu sikumbuki. Akasema, "Unakumbuka. Hata mimi nakumbuka." Ndipo akalia, na kilio kile sijakisikia, si kwa Baba, si hata kwa Jolijn. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye alikuwa ameuongeza kwa mkono wake mwenyewe, kila Jumamosi, kwa mapenzi.

Jumatatu niliwapigia simu halmashauri. Yule mama kijana alikuja akautoa mrija, akaandika kwamba umeharibika, akatundika mpya, tena hakumkaripia mtu. Akasema kwa mrija mmoja si neno, safari hii wamejulishwa mapema. Nilidhani yamekwisha. Mama akasema hayajaisha. Alitaka ukumbi uleule, na watu walewale.

Mkutano ulikuwa Alhamisi iliyopita. Alivaa gauni la bluu, lile la harusi yako. Kees alimsukuma, kila mita kumi akisimama kukohoa, na Mama akimwambia, "Twende, Kees, usife kabla sijasema." Zamu yake ilipofika akakataa kusema ameketi. Alisimama, ameshika bega langu. Akasema: "Mimi ni Guurtje, mjane wa Arie wa matanuri. Ule mrija mliosema mwanangu aliumwagia mafuta, ni mimi niliyeufuta. Kila Jumamosi. Hakuniambia, hakuniona, na aliponiuliza nilimjibu vibaya. Andikeni hivyo." Kuna aliyecheka nyuma, kicheko kifupi. Mwenyekiti, ambaye si mtu wa hapa, alimuuliza kwa adabu kwa nini atumie mafuta ya madoa, kama maji ya sabuni yasingetosha.

Mama alimtazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia na viatu vya matope. Akasema, "Wewe mgeni, eh? Masizi yale hayatoki kwa sabuni."

Hapo hapakuwa na wa kucheka tena. Niliwaona wanawake wa mtaa, safu kwa safu, wakitazama mikono yao. Hakuna hata mmoja asiye na chupa ile chini ya sinki. Kees akasema kutoka nyuma, "Na kwangu hayatoki." Mwingine akasema, "Wala kwangu." Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema jina lako litasafishwa kwenye kumbukumbu za mkutano na gazetini, ila vipimo vya zamani haviwezi kurudishwa, vilifutwa na vimefutwa. Itabidi kungoja vipya. Maji yakimwagika hayazoleki. Mkuu wako wa shule alikuja kumpa Mama mkono, macho yake yapo kwenye viatu, akaniomba anwani yako. Sikumpa. Utampa mwenyewe ukitaka.

Kwa hiyo uko huru, kaka yangu. Hilo ndilo nililotaka ulijue kwanza, ila sikuweza kuliandika kwanza, kwa kuwa lisingekuwa na maana bila ya yale mengine.

La mwisho ni hili. Tangu Jumamosi ile ya Septemba Mama hasafishi. Ndoo imefunikwa chini ya ngazi, imekauka. Vizingiti vya madirisha vimekuwa vyeusi. Ukipitisha kidole, unaacha njia. Jumapili nilikwenda na kitambaa, nikadhani amechoka tu, nikaanza kufuta dirisha la mbele kabla watu hawajatoka kanisani. Akanidaka kifundo cha mkono, na bado ana nguvu. Akasema, "Acha. Weusi huo ndio kipimo pekee ambacho mkono wangu haujakiharibu. Mwache Siem akikute." Watu wanapita, wanaona madirisha ya mwanamke msafi kuliko wote Mtaa wa Nanga, wanageuza uso, naye amekaa nyuma ya kioo hichohicho akiwapungia mkono. Jiwe la Jolijn pia limeanza kushika weusi. Anasema zamu yake imekwisha, hilo ni lako.

Nilimwambia anitamkie nikuandikie ombi lake la msamaha. Alikataa. Anasema alikutukana kwa mdomo wake, na kwa mdomo wake ataliondoa tusi lile, uso kwa uso, si kwa kalamu ya mtu. Basi ombi hilo usilitafute humu, amelishikilia mwenyewe. Analala nalo, anaamka nalo, na kila gari likisimama nje huinua kichwa kwenye mto wake. Daktari hasemi siku. Ila nimeona kwamba siku hizi huja bila kuitwa.

Mzee Kees anakusalimu, anasema ukija uje na samaki, lakini si wale mnaowalisha vidonge. Wateja wangu watatu, sitawataja, wameniuliza kwa sauti ndogo kama u mzima, nikawaambia wakuulize wenyewe. Kitanda chako kimetandikwa juu, chumba kileile. Nakubusu mara tatu kama inavyostahili, na nakuombea njia njema, bahari tulivu na ndege isiyochelewa.

Njoo, Siem. Bahasha hii niliichagua mimi. Inayofuata sitaichagua rangi.

Mdogo wako akupendaye,
Trijnie